Waranti ya trekta: wakala wa Malindi anakataa kwa kuwa hakuniuzia

Salaam wakuu, naomba ushauri. Trekta ilinunuliwa Nairobi, iko shambani Malindi. Waranti bado hai, na sevisi ya saa 50 za kazi imegongwa muhuri kitabuni. Oili ya haidroli ikiwa baridi, plau inanyanyuka vizuri; ikipata moto, mikono ya nyuma inayobeba plau inashuka yenyewe ingawa lever iko juu. Oili imefika kwenye alama, filta ni safi, nje hakuvuji, kwa hivyo nashuku sili (mpira wa kuzuia oili) ya pistoni ya kunyanyulia, ndani. Fundi wa mtaani sitaki afungue, dai litakufa. Wakala wa hapa, wa chapa ileile, anasema aliyeuza ndiye atengeneze. Je, nambari ya chasisi na kitabu havitoshi kiwanda kimlipe wakala huyu wa hapa? Au muuzaji aandike barua kwanza? Na nauli ya fundi hulipwa na nani? Masika yanakaribia, shamba halijalimwa.