Mjadala: Chuo na kazi, kipi kinachowavutisha vijana bangi?

Mwanzisha mada:
Wakuu, kila ikizungumzwa bangi kwa vijana wa miaka 18 hadi 30, majibu huwa mawili: marafiki wabaya au msongo wa mawazo. Mimi naona tunaliruka swali lenyewe. Kijana mmoja alivuta sana mwaka wa kwanza chuoni, akapunguza alipoajiriwa, kisha akarudia kwa kasi alipohamishiwa zamu. Marafiki ni walewale. Kilichobadilika ni ratiba.

Hoja yangu ni kwamba bangi hufuata saa zisizo na mwenyewe. Chuoni una kipindi saa nne asubuhi, kingine saa kumi, na katikati hakuna anayekuulizia. Mzazi yuko mbali, mahudhurio hayaandikwi, mtihani ni wa miezi mitatu ijayo. Msokoto unajipatia nafasi wenyewe.

Mnaosema ni tabia ya mtu, tazameni Maastricht, Uholanzi. Oktoba 2011 mji ule ulizuia wageni wa nchi nyingi kununua bangi katika maduka yanayoruhusiwa kuiuza, ila Wajerumani na Wabelgiji waliendelea kuingia pamoja na Waholanzi. Chuo kikuu cha pale kina wanafunzi wengi wa nje, kwa hiyo darasani kukawa na waliofungiwa mlango na wasiofungiwa, wakikaa bega kwa bega. Wachumi Olivier Marie na Ulf Zölitz walipolinganisha matokeo, uwezekano wa waliofungiwa kufaulu somo ulikuwa umepanda kwa takriban asilimia 5, na nafuu kubwa ilikuwa kwenye masomo yenye hesabu. Hakuna aliyekuwa amewahubiria.

Kaidi:
Mkuu, umejipiga ngwala mwenyewe. Maastricht inaonyesha kuwa mtu akikosa pa kununulia, masomo yake yananufaika. Ratiba ya wale wanafunzi haikuguswa hata kwa dakika moja! Saa zisizo na mwenyewe zilibaki zilezile.

Halafu kuna jambo la nani anatangulia nani. Chuo Kikuu cha Michigan kinafuatilia matumizi ya dawa kwa vijana wa Marekani tangu 1975. Wanaovuta kila siku ni wengi zaidi kwa wasio chuoni kuliko kwa wanachuo. Na wanaojiandaa kwenda chuo huwa wanavuta kidogo kuliko wenzao tangu wakiwa sekondari. Kwa hiyo huenda si kazi mbovu inayomvutisha mtu bangi, bali bangi ndiyo iliyompeleka kwenye kazi mbovu. Au vyote viwili vilizaliwa na umaskini uleule, nanyi mnagombania mapacha nani kamzaa nani.

Zamu ya Usiku:
Nawasoma nyote nikiwa nimetoka kazini sasa hivi. Nina miaka minne ghalani, wiki mbili usiku, wiki mbili mchana. Mwanzisha mada anasema tunavuta kwa kuwa tuna muda. Ndugu yangu, mimi navuta kwa kuwa sina. Nafika nyumbani kumekucha, mwili umechoka lakini macho yamekodoa, na saa nane baadaye natakiwa tena. Msokoto mmoja, nalala.

Ubaya wake naujua, msinifundishe. Miezi ya kwanza usingizi ulikuja haraka, sasa nahitaji zaidi kupata uleule. Nilipoacha, siku ya pili hasira zilinipanda, wiki nzima sikulala vizuri, na nilipolala niliota ndoto za ajabu. Arosto ya bangi ipo, anayesema haipo hajawahi kuacha. Nikarudi, kwa sababu mtu hawezi kukosa usingizi wiki mbili na kazi ibaki.

Mwajiri Mdogo:
Pole, kijana wangu. Mimi nina watu tisa wanaoendesha mashine, na shida yangu ni moja: aliyelewa leo nitamjuaje? Kipimo cha mkojo hakinijibu. Mabaki ya bangi hukaa kwenye mafuta ya mwili, kwa mvutaji wa kila siku yanaweza kuonekana hata mwezi baada ya kuacha. Pombe ya jana kwa kawaida leo imeshatoka kwenye damu. Kwa hiyo nikiweka kipimo hicho namfukuza aliyevuta likizoni, namwacha aliyekunywa mpaka usiku wa manane akaja ananuka. Nimeona wenye akili wakihamia kwenye chupa kwa hesabu hiyohiyo. California imewazuia waajiri wengi, tangu Januari 2024, kumhukumu mtu kwa mabaki yasiyoonyesha kuwa amelewa. Naona wana haki. Lakini kidole kikishakatika, mabaki au siyo mabaki, anayeulizwa ni mimi.

Mwanzisha mada:
Kaidi, kuhusu Maastricht nakubali, nilivuta mfano upande wangu. Hoja ya umaskini sikubali iishie hapo, maana takwimu hizohizo za Michigan zinaonyesha watu hupunguza wakioa au kuolewa, na wakipata watoto. Umaskini wao haukuondoka siku ya harusi. Kilichoingia ni mtu anayewahitaji wakiwa timamu, tena saa za jioni.

Ngoja basi niisahihishe kauli. Si saa zisizo na kazi, ni saa ambazo hakuna atakayeumia ukiwa umelewa. Mwanachuo anazo mchana. Ndugu yetu wa zamu anazo asubuhi, wote nyumbani wakiwa wametoka. Zamu ya Usiku, nikuulize bila ubaya: siku zako za mapumziko, usipohitaji kulala, unavuta?

Zamu ya Usiku:
Navuta. Na ndizo siku ninazoanza mapema zaidi, saa tatu asubuhi nimeshawasha. Hapo umenipata, sina utetezi wa usingizi. Isipokuwa Jumapili mdogo wangu akiniletea mwanawe nimlelee. Siku hiyo siwashi mpaka amekuja kumchukua, na sijawahi kujiuliza kwa nini.

Kaidi:
Basi mpeni watoto wa kulea wote. Mimi bado nasubiri mtu anijibu kuhusu sekondari.