Naomba ushauri: kutofautisha wanyama wanaofanana kwa Kiingereza

Ndugu zangu habari za jioni, na wakubwa shikamooni.

Niko Arusha, najifunza kazi ya kuongoza watalii. Wanyama nawafahamu, na Kiingereza cha kawaida naongea. Ninakwama mgeni akiniuliza nawatofautishaje wawili wanaofanana. Duma na chui hawanisumbui sana, ile michirizi myeusi ya duma kutoka jichoni hadi mdomoni inatosha. Kazi ipo kwa swala tomi na swala granti. Wengi hukimbilia mstari mweusi wa ubavuni, lakini wapo granti wenye mstari pia, hasa wadogo. Alama ya kuaminika iko matakoni: weupe wa granti hupanda hadi juu ya mkia, wa tomi hauvuki mkia. Kwa Kiswahili naeleza vizuri kabisa, kwa Kiingereza sentensi zinakatikakatika.

Nimefanya mazoezi na "You can tell a Grant's from a Thomson's by its rump", pia "A Grant's differs from a Thomson's in that..." Mwenzangu anasema hii ya pili ni ya vitabuni mno.

Naomba mnisaidie: kwenye gari, mbele ya wageni, ipi inasikika ya kawaida? Na je, nishike "different from" kwa wote? Wamarekani nawasikia wakisema "different than", Waingereza "different to". Usaili wa mdomo ni mwezi ujao, natamani sana kufaulu.