Naomba ushauri: mwalimu wa hesabu, miaka 42, nataka kuwa mhandisi wa majengo

Ndugu zangu, salamu toka Kadutu, Bukavu, mashariki mwa Kongo. Nafundisha hesabu na fizikia sekondari, na nina lisansi (shahada ya chuo kikuu) ya fizikia. Sasa nataka kusomea uhandisi wa miundo: kupiga hesabu za misingi, nguzo na mihimili.

Huku kwetu nyumba zimebanana kwenye miteremko ya udongo wa mfinyanzi. Mvua ikizidi, udongo unateremka pamoja na nyumba. Tetemeko la Februari 2008 tuliliona wote. Bado ghorofa zinapandishwa kwa jicho la fundi: nondo ngapi, unene gani, yeye ndiye anajua. (Wapo wenye jicho zuri kweli, sikatai.)

Kukaa mwaka wa kwanza na wanafunzi wangu wa zamani si kitu, aibu nitaimeza. Ila miaka ya Politekniki (kitivo cha uhandisi) kule Lubumbashi, na watoto wanne hapa? Mama watoto anasema nianze na ufundi wa ujenzi hapahapa, nizoee shantie, yaani eneo la ujenzi, kwanza.

Je, fizikia yangu inaweza kunipunguzia masomo? Na kuna aliyepata kazi ya kupiga hesabu za majengo akikaribia miaka 50, bila kuwa na mtu wa kumshika mkono?