Wapenzi wawili, msimu umeisha, nyumba za matajiri zimefungwa: waanzie wapi?

Kijiwe_Tupu
Wadau, naomba mawazo. Kwenye vijiji ambavyo matajiri huja kipindi cha joto tu, vijana hupata vibarua miezi miwili mitatu, kisha nyumba zinafungwa na wote wanarudi kijiweni. Kuna wawili wanapendana, wanataka kuoana, hawana kipato. Wanafikiria kuomba kazi ya kutunza nyumba hizo zikiwa tupu. Inalipa? Na ni nini hasa huharibika nyumba ikifungwa?

FundiKoki
Inalipa, kwa sababu nyumba isiyo na mtu huoza haraka kuliko inayokaliwa.

Maji kwanza. Funga koki kuu, fungua bomba la juu kabisa ili hewa iingie, kisha la chini kabisa ili maji yote yatoke. Penye baridi kali hili si la hiari: maji yakiganda hutanuka karibu asilimia 9 na kupasua bomba, na hakuna atakayejua mpaka barafu iyeyuke na dari ianze kuvuja. Hita ya maji uzime umeme wake kabla ya kumwaga maji, na usiuwashe tena mpaka tangi lijae, la sivyo elementi, yaani chuma cha ndani kinachopasha maji, inaungua.

Wengi husahau ile kona iliyopinda chini ya sinki. Maji yake yakikauka, harufu ya maji taka na mende hupanda ndani. Pasipoganda, mimina kikombe cha maji halafu vijiko viwili vya mafuta ya kupikia juu yake. Mafuta huzuia maji yasikauke upesi. Panapoganda, weka dawa ya kuzuia kuganda inayotumika kwenye mabomba ya nyumba, si ile ya rejeta ya gari, maana hiyo ni sumu.

Mama_Funguo
Naongezea. Friji: chomoa, kausha, acha mlango wazi kidogo, ukifungwa itaota kuvu. Magodoro yasimamishwe kwa ubavu, mbali na ukuta. Panya mdogo hupita tundu la milimita 6, kwa hiyo ziba kwa nyuzi za chuma za kusugulia sufuria kisha simenti juu yake. Sponji atalitafuna. Jenereta iwashwe kila mwezi kama nusu saa ikiwa na mzigo, yaani ikiendesha vifaa vya umeme, si tupu. Petroli iliyolala miezi huacha gundi kwenye kabureta.

Kijiwe_Tupu
Asanteni. Wakague kila baada ya muda gani?

Mama_Funguo
Kila wiki mbili, na siku inayofuata mvua kubwa au upepo. Wapige picha zilezile kila mara: dari, chini ya sinki, mita ya umeme, mita ya maji. Mita ya maji ikisogea wakati koki za ndani zote zimefungwa, kuna bomba linavuja.

Mzee_wa_Mkataba
Mmekwepa la mapenzi. Vijana wakishika funguo za nyumba yenye vitanda sita na hakuna mtu, kishawishi ni kikubwa, na hapo ndipo kazi hii hufia. Mwenye nyumba hahitaji kuwafumania: mita ya umeme itasema, na siku hizi kamera pia. Wakiingia waingie mchana, wamtumie ujumbe wakifika na wakitoka. Rafiki asiingie, hata "kupumzika kidogo".

Mkataba uandikwe, hata ukurasa mmoja, na majina yote mawili yawemo. Useme nani abaki na funguo wakiachana. Watanuna nikisema hivyo, lakini bila kipengele hicho ugomvi wao unaweza kuacha nyumba bila mtu wa kuikagua. Malipo yawe ya kila mwezi. Ya mkupuo mwanzoni huisha kabla nusu ya kazi haijafanyika. Vifaa vya matengenezo vilipwe kando, kwa risiti. Na waweke kiwango cha matengenezo wanachoweza kufanya bila kumpigia simu mwenye nyumba, maana bomba likipasuka usiku hakuna muda wa kusubiri ruhusa.