Ushauri: nataka kupanda na watoto hadi Ziwa Mahoma (Rwenzori) mwezi wa nane. Wenye uzoefu njooni

Baba Nasra
Salaam wadau. Naishi Kampala, kwetu ni Busia. Nina watoto wawili, wa kiume miaka 11, wa kike miaka 8. Shule zikifunga mwezi wa nane nataka niwapeleke Rwenzori. Si kileleni, ni ile njia ya siku tatu inayopita Ziwa Mahoma. Binti alifundishwa darasani kwamba Uganda ina theluji na ikweta inapita hapahapa kwetu. Tangu siku hiyo kila jioni ananiuliza tunakwenda lini. Wakala nimeshampata, bei tumeelewana. Tatizo ni mama yao, hataki hata kusikia, na nyumbani tumenuniana wiki nzima. Watoto wa umri huo wataweza? Wavae nini? Mvua je?

Afande Mstaafu Bombo
Kijana, mwezi wa sita hadi wa nane ndio afadhali, ila Rwenzori hakuna mwezi usio na mvua. Gambuti ni lazima, viatu vya raba viache nyumbani. Sisi zamani tulipita kule juu, sehemu inayoitwa Bigo, ni tope la kuzama hadi gotini, unaruka kutoka kichaka cha nyasi hadi kingine kama chura. Mwenzangu alipoteza buti la kushoto, akatembea siku mbili na gunia mguuni. Na siku hizo hatukuwa na haya makoti yenu. Nitaendelea jioni.

Mama Zuhura
Watoto wa siku hizi wanapelekwa milimani, kijijini kwa bibi yao hawajafika miaka mitatu. Mpeleke Busia akachume maembe, damu yake ijue kwao.

Dereva wa Malaba
Mimi mlima ninaoujua ni wa mikungu ya matoke pale Mbarara 😂 Lakini nakutakia heri kaka.

Nesi Arua
Baba Nasra, naomba uniambie kitu kimoja. Mama yao anakataa kwa sababu gani? Umesema hataki, hukusema kwa nini.

Baba Nasra
Ni woga wa kina mama tu, dada. Afande, asante kwa gambuti. Za watoto nitazipata soko la Owino?

Nesi Arua
Gambuti utapata. Nauliza tena, ssebo. Mwanamke anuniane na mumewe wiki nzima kwa sababu ya matembezi? Kuna mtoto mwenye pumu? Moyo?

Baba Nasra
Sawa. Binti ana sikoseli. Sikuandika mwanzo kwa sababu nikiandika hivyo watu hawajibu tena swali, wanaanza kulia naye. Mtoto mwenyewe mzima! Anatumia dawa zake kila siku, hajalazwa tangu mwezi wa tisa mwaka jana, shuleni anakimbia na wenzake. Na hii safari ni yeye aliyeiomba. Kila anachotaka anaambiwa hapana: kuogelea hapana, mvua hapana, baridi hapana. Nimechoka kuwa baba wa hapana. Nusu ya hela nimeshalipa na hairudishwi. Halafu si mbali, wakala ameniambia tunalala Kilembe, asubuhi tunaanza, masaa matatu tuko ziwani.

Nesi Arua
Nimekuelewa zaidi ya unavyodhani, wadi yangu ina watoto hao kila siku. Lakini sikiliza. Oksijeni ikipungua mwilini, chembe zake nyekundu zinajikunja kama mundu (ndiyo maana ya selimundu), zinanata na kuziba mishipa midogo. Hapo ndipo maumivu yanapoanza, na kifua kikishikwa, mtoto yuko hatarini kweli. Ziwa Mahoma liko karibu mita 3,000. Kampala uko kama 1,200. Kwenye mita 3,000 nguvu ya hewa ni kama asilimia 70 ya ile ya pwani. Ongeza baridi ya usiku, uchovu, na mtoto anayesahau kunywa maji kwa sababu hasikii joto. Umevikusanya vyote vinavyoamsha ugonjwa ukaviweka kwenye safari moja. Akizidiwa usiku hakuna gari linalofika, ni wapagazi kumbeba kwa machela juu ya mizizi na utelezi. Daktari wake anasemaje?

Baba Nasra
Sijamuuliza. Atasema hapana, kazi yao ni hiyo.

Binti Kisoro
Kwa hiyo jibu unalo, kaka.

Nami niongeze langu. Mdogo wangu ni mbebaji tu, AS (amerithi sikoseli kwa mzazi mmoja, si kwa wote wawili kama mgonjwa wa SS), hajawahi kuugua hata siku moja. Alipanda Muhabura, mita 4,127. Tulipokuwa tunashuka alishikwa na maumivu ubavu wa kushoto mpaka akawa hawezi kusimama. Hospitali wakasema ni bandama, damu ilikwama huko juu. Alikuwa mtu wa miaka 24 mwenye nguvu zake. Mpaka leo nikiuona ule mlima dirishani namkumbuka alivyokuwa anauma kola ya shati ili asilie mbele ya watalii.

Mama Zuhura
Subhanallah.

Mkonzo wa Kasese
Naomba wasimamizi wauangalie uzi huu, mimi naona umetungwa. Kwanza watoto wazima, baadaye mgonjwa. Na sasa eti Mahoma mnaanzia Kilembe, masaa matatu! Mimi nimebeba mizigo mlima huu tangu kijana. Mahoma huanzia Nyakalengija. Kilembe ni bonde jingine, njia yake usiku wa kwanza inakulaza Sine, kama mita 2,600, na haikupeleki Mahoma. Masaa matatu hufiki hata ukiwa swala. Mtu anayekwenda kweli hawezi kukosea hivyo. Wapo wanaotunga hadithi za watoto wagonjwa halafu wanaomba michango.

Dereva wa Malaba
Duh, mimi nilishaanza kumwonea huruma.

Baba Nasra
Sijaomba shilingi ya mtu. Ujumbe wa wakala ninao hapa, naunakili kama ulivyo: "Siku ya 1 kulala Kilembe. Siku ya 2 matembezi masaa 3 hadi Mahoma, watoto wanaweza kuoga chini ya maporomoko." Ndiyo hivyo alivyoniandikia. Mimi nitajuaje tofauti? Sijawahi kufika Kasese.

Mkonzo wa Kasese
Maporomoko? Ziwa Mahoma halina maporomoko ya kuoga. Maporomoko ya Mahoma yako upande wa Fort Portal, kule kwenye maziwa ya kreta, wala si mlimani. Basi huyo bwana wako amechanganya sehemu tatu kwenye ujumbe mmoja. Pole, mzee. Nimekushuku bure, nisamehe. Aliyekudanganya ni yeye. Usimwongezee hata senti, na kianzio kidai kwa maandishi.

Na lingine. Hata ungefika Mahoma, binti yako asingeigusa theluji. Ile imebaki vipande tu karibu na vilele, kule kwenye Margherita ya mita 5,109. Wazee wetu walisema Kitasamba, mungu wa Wakonzo, anakaa humo kwenye weupe. Sasa weupe wenyewe unakwisha.

Nesi Arua
Baba Nasra, uko? Mtoto akiwa na sikoseli ya SS, kwa kawaida wazazi wote wawili ni wabebaji. Kwa hiyo na wewe huenda ni AS, kama yule kijana wa Muhabura. Na huyu wa miaka 11, umempima?

Baba Nasra
Hapana. Hatujawahi kumpima, alikuwa haumwi.

Nimeukalia huo ujumbe wako tangu mchana. Mama yao nimemsomea uzi wote. Hakusema kitu, alikwenda akaleta kadi ya kliniki ya Mulago. Alhamisi tunakwenda wote wanne.

Lakini binti nimwambie nini? Tarehe alishaiandika ukutani.

Mkonzo wa Kasese
Usiifute. Mlete Fort Portal. Ni kama mita 1,500 tu, barabara ya lami kutoka kwenu. Ziwa Nkuruba lina kambi, mbega weusi kwa weupe wanaruka juu ya mahema, kulizunguka ni matembezi mafupi. Halafu mwonyeshe Nyinambuga, mpe noti ya 20,000 ashike mkononi afananishe, ndilo ziwa lililochorwa pale.

Nesi Arua
Hilo mpelekee daktari Alhamisi, na uandike masharti yake. Sweta mbili, chupa ya maji isitoke mkononi mwake, na dawa zisikae kwenye buti la gari.

Afande Mstaafu Bombo
Nilisema nitaendelea jioni, lakini naona mmeshafika mbali. Kijana, mapango ya Amabere ga Nyina Mwiru pia hapohapo, mteremko si mrefu. Mshike mkono, mawe yana maji.

Baba Nasra
Swali la mwisho, ni la binti, ameninyang'anya simu: kutoka Fort Portal theluji inaonekana?

Mkonzo wa Kasese
Mwambie aamke mapema. Kabla ya saa mbili asubuhi, mvua ikiwa imenyesha usiku na mawingu hayajapanda, atazame kusini-magharibi. Siku nyingine hufunga kabisa, kwa hiyo laleni siku tatu.