Filamu za seli na ubongo: nizionyesheje bila kuwapotosha wanafunzi?

Mlezi wa Chama cha Sayansi, Umoja

Hamjambo wanajukwaa. Mimi ni mwalimu wa Biolojia katika shule ya upili ya kutwa, Mashariki mwa Nairobi, na ndimi mlezi wa chama cha sayansi kinachokutana Ijumaa alasiri. Hadubini tulizo nazo ni chache, na ukizitumia vizuri kabisa utaona ukuta wa seli, kiini na si zaidi sana. Kwa hiyo nimekuwa nikiwaonyesha wanafunzi filamu za kielimu kuhusu mwili, ubongo na seli kwa projekta, nao huzipenda mno.

Hata hivyo, nilipowataka wachore walichokiona na kukieleza kwa maandishi, nilipata majibu yanayonisumbua. Wengi walichora seli yenye nafasi kubwa tupu, ya rangi ya samawati, na ndani yake protini inayotembea kwa miguu miwili ikijua inakokwenda. Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba sehemu ya ubongo inayotumika huwaka na isiyotumika huwa giza. Mwingine akaongeza kwamba binadamu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo wake. Hawakuyabuni mambo haya, kwani picha ndizo zilizowafundisha hivyo. Sitaki kuziacha filamu. Ninachoomba ni ushauri kuhusu namna ya kuzichagua na kuzionyesha.

Mtafiti wa Seli, Chiromo

Mwalimu, hongera kwa kuwachorisha, kwa sababu bila michoro hiyo usingejua walichobaki nacho vichwani.

Protini hiyo ya miguu miwili ni kinesini, na huenda waliiona katika kipande cha filamu fupi ya uhuishaji iliyotengenezwa na kampuni ya XVIVO mwaka 2006 kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Harvard, ambacho kimesambaa sana. Kinesini yenyewe ni ya kweli. Hubeba mizigo ya seli juu ya vijirija vinavyoitwa mikrotubuli, kila hatua ina urefu wa nanomita 8 hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), na kila hatua hugharimu molekuli moja ya ATP, kemikali inayoipa seli nishati. Kisicho cha kweli ni ule utulivu. Katika hali nzuri kinesini hupiga hatua takriban 100 kwa sekunde moja, huku ikigongwa kila upande na molekuli za maji zisizotulia. Mguu ulioachia haunyooshwi kwa hiari kuelekea mbele, bali hutikisika ovyo mpaka unapofikia sehemu unayoweza kushika, na nishati ya ATP ndiyo inayofanya matokeo ya mtikisiko huo yaelemee upande mmoja. Watengenezaji hupunguza msukosuko huo kwa makusudi, kwa maana wangeuacha wote mtazamaji asingeona kitu. Mimi nauona kuwa uamuzi halali, mradi mwanafunzi aambiwe kwamba ulifanywa.

Hali ni hiyo hiyo kuhusu nafasi tupu. Molekuli kubwa hujaza takriban asilimia 20 hadi 30 ya ujazo wa saitoplazimu, yaani ute unaojaza seli, na katikati yake kuna maji, chumvi na molekuli ndogo. Anayetaka kuipata picha hiyo afikirie msongamano wa watu katika steji ya Muthurwa saa kumi na mbili jioni. Rangi nazo ni za msanii: picha za hadubini ya elektroni hutoka kijivu, na kwa kawaida seli iliyopigwa picha hizo imekwisha kufa, imekaushwa au imekatwa vipande vyembamba mno.

Ushauri wangu ni kwamba kila uhuishaji uandamane na mkanda halisi. Anza na ule uliopigwa na David Rogers wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt katika miaka ya 1950, unaoonyesha chembe nyeupe ya damu, neutrofili, ikiifuata bakteria. Ni mkanda mfupi wa nyeusi na nyeupe. Bakteria inapogeuka, neutrofili nayo inageuka. Inajipenyeza kati ya chembe nyekundu, inazisukuma kando, na hatimaye inaimeza bakteria. Waulize wanafunzi kama chembe hiyo ina macho. Hapo utaweza kuwafundisha kwamba inafuata kemikali, na kwamba tabia inayoonekana kama nia inaweza kuzaliwa pasipo nia yoyote.

Radiografa, Kasarani

Nashughulika na picha za kimatibabu, na suala la "ubongo unaowaka" nalisikia hata kwa wagonjwa. Rangi nyekundu na njano ambazo filamu hupaka juu ya ubongo hutokana na aina ya MRI (upigaji picha za ndani ya mwili kwa sumaku) inayofuatilia oksijeni katika damu, njia ambayo Seiji Ogawa na wenzake waliieleza mwaka 1990. Mashine haioni wazo, wala haipimi moja kwa moja umeme wa seli za neva. Seli zinapofanya kazi zaidi, damu yenye oksijeni huongezeka mahali hapo, na ongezeko hilo hufikia kilele baada ya sekunde 5 hivi. Kisha watafiti hulinganisha hali mbili, kwa mfano kusoma na kupumzika, na rangi hutiwa pale tu ambapo tofauti imevuka kiwango cha kitakwimu walichokiweka. Sehemu isiyotiwa rangi inaendelea kufanya kazi muda wote.

Wanafunzi wakubwa waelezeni habari ya samaki. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake nchini Marekani walimweka samaki aina ya samoni, aliyekufa, ndani ya mashine ya MRI, wakamwonyesha picha za watu na "kumtaka" akisie hisia zao. Hesabu zilipofanywa bila kusahihisha wingi wa vipimo (vikiwa maelfu, vichache huonyesha tofauti kwa bahati tu), vidoa vya rangi vilijitokeza kwenye ubongo wake; zilipofanywa ipasavyo, vikatoweka. Hakuna mfano unaoeleza vizuri zaidi kwa nini rangi hizo zinahitaji takwimu makini.

Kuhusu asilimia 10, jibu ni fupi. Ubongo ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hula takriban asilimia 20 ya nishati mwili unapopumzika. Mwili usingegharamia hivyo kiungo kilicholala. Isitoshe, yeyote aliyemuuguza mtu wa kiharusi anajua kwamba damu ikizibwa katika eneo dogo tu, mgonjwa anaweza kupoteza usemi au mkono.

Mwalimu Mstaafu, Buruburu

Nawaunga mkono wote wawili, ila naona tusimtwike mwanafunzi masahihisho mengi kabla hajaipenda seli yenyewe. Mimi ningeanza na kitunguu. Bambua utando mwembamba wa ndani, utandaze kwenye kioo, tia tone la ayodini, kisha shusha kifuniko taratibu kutoka upande mmoja ili viputo vya hewa visinaswe. Mwanafunzi aliyeona kiini kikigeuka hudhurungi mbele ya jicho lake ataitazama filamu akiwa na kitu cha kuilinganisha nacho.

Pili, tazama mwaka filamu ilipotengenezwa. Nyingi za zamani husema ubongo una seli za neva bilioni 100 na kwamba seli saidizi ni mara kumi ya hizo. Mwaka 2009 timu ya Suzana Herculano-Houzel kutoka Brazili iliyeyusha tishu za ubongo hadi zikawa kimiminika, ikahesabu viini, na kupata wastani wa seli za neva bilioni 86, huku seli nyingine zikikaribiana nazo kwa idadi. Msimulizi akitaja bilioni 100, usiizime filamu. Isimamishe, ueleze jinsi hesabu mpya ilivyopatikana.

Tatu, tafuta filamu fupi ya Taasisi ya Tiba ya Howard Hughes kuhusu malaria na selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Hailipiwi, na inasimulia kazi ya Anthony Allison, aliyelelewa hapa Kenya. Mwaka 1949 alikusanya sampuli za damu nchini, akaona kwamba jeni ya selimundu ilikuwa ya kawaida Pwani na karibu na Ziwa Victoria, lakini adimu nyanda za juu. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba mwenye nakala moja ya jeni hiyo hupata kinga fulani dhidi ya malaria.

Mlezi wa Chama cha Sayansi, Umoja

Nawashukuru sana. Ijumaa ijayo tutaanza na kitunguu, kisha mkanda wa neutrofili, na kinesini itafuata nikiwa nimewaeleza kilichoondolewa. Ya selimundu nitaiweka wiki inayofuata. Je, kuna tahadhari yoyote juu yake?

Mwalimu Mstaafu, Buruburu

Ipo moja. Yamkini miongoni mwa wanafunzi wako yupo anayeugua selimundu, au aliye na ndugu anayeugua. Tangaza mada siku chache mapema, na ukimfahamu, zungumza naye faraghani kabla ya siku hiyo. Akipenda kueleza mwenyewe maumivu hayo yalivyo, mpe nafasi. Akipenda kukaa kimya, mtu yeyote asimwelekezee swali.