Faili la hesabu za nyumbani limekataa kufunguka: tupeane uzoefu

Mwenyeji wa Himbi (Goma)

Bandugu, jambo. Tangu benki zifunge milango hapa Goma Januari 2025, naona watu wengi wanajiandikia hesabu wenyewe: dola ngapi zimeingia, franga ngapi zimetoka, M-Pesa imebeba nini. Wengine wako kwenye daftari, wengine kwenye ordinateri. Leo naomba tuzungumze na hao wa ordinateri, hasa kuhusu ile siku faili linapogoma. Aliyewahi kulifungua aeleze alipitia wapi.

Naanza. Mama mmoja jirani yetu alifiwa na mume. Marehemu alikuwa mtu wa kuandika kila kitu: kodi za nyumba, karo, madeni ya watu, vyote ndani ya Microsoft Money, programu ya hesabu za nyumbani. Laptopu yake ikafa, ikabaki flashi yenye faili moja linaloishia na .mbf. Kila ordinateri ilisema hailijui.

Microsoft waliacha kuuza Money mwaka 2009, ndiyo maana. Lakini mwaka 2010 walitoa toleo la mwisho la bure, Money Plus Sunset, ambalo halidai namba yoyote ya kusajili. Tulinakili faili kwanza, tukaiweka flashi kando, halafu tukaingiza programu. Sasa mjue kwamba .mbf ni nakala ya akiba, na faili lenyewe la kazi ni .mny. Kwa hiyo tuliingia ndani ya programu, kwenye menyu ya faili, sehemu ya kurejesha akiba. Hesabu zikatokea, wadaiwa wote wamo, na tarehe zao. Yule mama alikuwa ameshaanza kuambiwa na watu kwamba walilipa zamani.

Angalizo moja: Sunset ni toleo la Marekani. Faili la marehemu lilikubali kwa sababu programu yake aliletewa na ndugu anayeishi kule. Faili lililotengenezwa na toleo la Uingereza linakataliwa.

Mama wa Likelemba (Kadutu, Bukavu)

Aksanti sana, yaya. Pole nyingi kwa huyo mama.

Mimi naandika likelemba yetu, yaani mchango wa kupokezana kwa zamu, kwenye GnuCash, programu ya hesabu ya bure. Huku Kadutu umeme unakatika ukiwa katikati ya sentensi. Ukirudi, unafungua programu, inakwambia faili limefungwa na mtu mwingine. Akina mama wenzangu wakiona hivyo wanaogopa, wanadhani kuna mtu ameingia kwenye pesa zao. Hapana. GnuCash ikifungua faili inaweka kando yake kifaili kidogo kinachoishia na .LCK, na umeme ukikatika hakuna wa kukiondoa. Hakikisha tu programu haijafunguliwa mahali pengine, kisha chagua kufungua hivyo hivyo.

Jambo lililoniokoa ni lingine. Siku moja faili lenyewe liliharibika kabisa. Nikaangalia ndani ya folda, nikakuta mafaili mengi yenye jina lile lile, likifuatwa na msururu wa tarakimu: mwaka, mwezi, siku, saa, dakika, sekunde. Kumbe kila unapohifadhi, GnuCash inaacha lile la zamani hivyo. Nilichukua la karibuni linalofunguka. Michango iliyoingia baada ya hapo niliipata kwenye mafaili ya .log: unafungua ile nakala uliyoichagua, unaenda kwenye menyu ya kuingiza data, unaiambia ilirudie lile la .log, inaandika upya kila kitu kwa mpangilio. Zamu ya mtu haikupotea.

Msiyafute hayo mafaili kwa sababu yanajaza folda. Programu yenyewe hufuta yanayopita siku 30, na kwenye mipangilio unaweza kuikataza. Mimi nimeikataza.

Fundi wa Kamalondo (Lubumbashi)

Mama, umeeleza vizuri. Niongeze la Quicken, programu nyingine ya hesabu, maana huku wanaorudi kutoka Kanada wanatuletea mafaili yake ya .QDF. Kwanza, ndani ya Quicken yenyewe kuna zana ya kukagua na kutengeneza faili. Ianze hiyo, juu ya nakala. Ikifunguka, usikae nayo tu ukifurahi. Toa kila kitu kwa muundo wa QIF siku hiyo hiyo.

QIF naipenda kwa sababu ni maandishi matupu. Unaifungua hata kwa Notepad, ile programu ndogo ya maandishi ya Windows, unaisoma kwa macho: mstari wa D ni tarehe, T ni kiasi, P ni aliyelipwa, M ni maelezo, na alama ya ^ inafunga muamala. Faili la namna hiyo halifi pamoja na programu. HomeBank, programu nyingine ya hesabu, inalipokea, GnuCash pia.

Lakini kwa sisi Wakongo kuna hatari mbili, na nimeziona zikiliza watu. Tarehe: Mmarekani anaanza na mwezi, sisi tunaanza na siku. 03/04 inaweza kuwa Machi au Aprili, na programu haitakuuliza kila mara. Tafuta muamala wa baada ya tarehe 12 ulinganishe. Ya pili ni kubwa zaidi: QIF haibebi jina la sarafu. Akaunti ya franga ikiingia kwenye programu iliyopangwa kwa dola, mfuko wa unga wa 40.000 unakuwa wa dola elfu arobaini. Toa kila akaunti peke yake, na huko inakokwenda fungua kwanza akaunti ya franga na ya dola, ndipo uingize.

Mwanafunzi wa Katindo (Goma)

Wakubwa, shikamoo. Flashi ya baba inaomba iformatiwe, na faili lake la hesabu, la programu ya Money Manager EX, limo ndani. Tufanye nini?

Fundi wa Kamalondo (Lubumbashi)

Marahaba, mdogo wangu. Mkatae kuiformati, na kisiandikwe hata kitu kimoja juu yake. Chukua PhotoRec, programu ya bure ya kuokoa mafaili, na mnachookoa mkiweke kwenye diski nyingine. Itarudisha mafaili bila majina yake ya asili. Faili la Money Manager EX, lile la .mmb, ndani yake ni hifadhidata ya SQLite, kwa hiyo tafuta yanayoishia na .sqlite, uyafungue kwa Notepad: mwanzoni kabisa utasoma «SQLite format 3». Simu na vivinjari vinatumia muundo huo pia, kwa hiyo yanaweza kuwa mengi. Nakili moja moja, ibadilishe mwisho iwe .mmb, ujaribu. Kama baba aliweka nenosiri ikawa .emb, alama hiyo haitaonekana, basi tuambie tufikirie njia nyingine.

Papa wa Majengo (Goma)

Tarehe 22 Mei 2021, volkano yetu ya Nyiragongo ilipolipuka, tulitoka usiku na watoto mkononi. Nakala ya hesabu zetu ilikuwa kwa shemeji, Gisenyi, ng'ambo ya mpaka Rwanda, ndani ya simu yake. Flashi na ordinateri kukaa chumba kimoja hakutoshi kwa mji wetu.

Mwanafunzi wa Katindo (Goma)

Fundi, yametoka ya .sqlite mengi. Naanza kuyajaribu kwa ukubwa, lililo kubwa kwanza.